Mguu wa Mama Vumilia na Wageni Wenye Dawa

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya kufunga vidonda, hongereni. Naona mmevaa glavu za bluu, mna simu zenye vioo vikubwa kama madirisha, na kabla hamjamwosha mgonjwa mnakipiga kidonda chake picha na kuituma kwa wenzenu ili mpewe sifa. Sisi tulikuwa na beseni, sabuni, chumvi na pua. Pua ndiyo ilikuwa mashine yetu ya kisasa. Ukiinama juu ya kidonda, pua inakuambia kama kuna ukombozi au kuna kilio. Simu bado haijajifunza hilo, lakini najua mtaisubiri.

Mimi nimestaafu. Maana yake ni kwamba asubuhi moja magoti yalikataa kuchuchumaa, nikaaga, nikaenda nyumbani. Hakukuwa na hotuba. Mbuzi mmoja tu alinisindikiza hadi njia panda, na yeye alikuwa anafuata ganda la ndizi.

Shule niliiacha mapema, kwetu Kibua, msituni. Mwalimu alinichoka kabla mimi sijamchoka. Nilitaka kujua kwa nini nywele hukua na kucha hukua lakini jino la mtu mzima likitoka halirudi, naye alitaka kujua kwa nini sijafagia darasa. Tukaachana kwa amani. Nikabeba mizigo hadi Walikale, nikapasua mbao, nikauza sabuni, nikapika maandazi ambayo hata mbwa waliyajadili kwanza. Huku Masisi milimani nilifika kwa sababu pikipiki niliyopanda iliungua buji, ile plagi ya kuwasha injini, karibu na Nyabiondo na dereva akasema, "Papa, safari imeishia hapa." Wengine huitwa kazini na Mungu. Mimi niliitwa na buji.

Kituo cha afya walinipa ufagio. Mkuu wake alikuwa muuguzi anayeitwa Esperansi, ambaye kwa umri angekuwa mdogo wangu wa mwisho, lakini mimi nilimwita Dada na yeye aliniita Papa Safari, papa yaani baba. Nilikuwa nikifagia huku nauliza. Kwa nini hiki kinatoa maji? Kwa nini kile kimekauka lakini hakiponi? Kwa nini huyu mzee mguu umekuwa mweusi? Siku moja akanitupia bandeji na kusema, "Papa, kuya ushike hapa. Mukono ikishughulika, pengine kinywa itapumuzika." Mkono ulishughulika miaka mingi sana. Kinywa hakikupumzika hata siku moja.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kutosugua. Mimi nilidhani kidonda ni sufuria: kilichoungua chini unakikwangua mpaka king'ae. Akanishika kiganja. "Unaona hizi nyama nyekundu, zenye ziko sawa punje za mutama?"

"Naona. Nilitaka kuzitoa."

"Utatoa ukuta wenye wanajenga. Wamejenga usiku yote, wewe unafika asubui na nyundo."

Nikauliza ni akina nani wanaojenga. Ndipo alipofanya kosa lake kubwa, akanijibu. Tangu siku hiyo hakupata tena chakula cha mchana kwa utulivu.

Sikilizeni, nitawaeleza jinsi alivyonieleza, kwa sababu vitabu vyenu vina michoro mingi na maelezo machache. Mwili umejengwa na vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaitwa chembe hai, au seli. Hazina kinywa, hazina masikio, lakini zinaongea kuliko wanawake na wanaume wa soko la Nyabiondo wakiwekwa pamoja. Zinaongea kwa kutoa maji maji yenye dawa ndani yake, na chembe jirani ina mlango wa kupokea dawa hiyo. Ikigonga mlango unaofaa, jirani anajua la kufanya. Ni kama huku milimani: mtu wa kilima hiki anamwita wa kilima cha pili, naye anamwita wa tatu, hadi habari inafika. Tofauti ni kwamba chembe hazitii chumvi katika habari.

Ngozi ikipasuka, vipande vidogo sana vilivyomo ndani ya damu hufika kwanza. Vinashikamana, vinaziba tundu, na wakati huohuo vinamwaga ujumbe: hapa pamevunjika, kujeni. Askari wa damu wanafuata harufu ya ujumbe huo, wanaingia, wanakula vijidudu. Ndiyo maana kidonda kipya kinavimba, kinakuwa chekundu, kina moto. Hiyo ni vita halali. Nyuma yao wanakuja walaji wakubwa, wanaokula maiti na takataka. Na hapa ndipo nilipoacha kutafuna muhogo wangu. Walaji hao wakishashiba, wanabadilisha maneno. Mwanzo walikuwa wanasema "pigeni". Sasa wanasema "jengeni". Wajenzi wanasikia, wanasuka nyuzi. Mishipa midogo ya damu inachipuka kama majani ya maharage. Na chembe za ngozi zilizoko ukingoni zinaachana mikono, zinatambaa polepole juu ya unyevu kuelekea katikati. Wale wa upande huu wakikutana na wale wa upande ule, wanagusana, wanasimama.

"Nani anawaambia wasimame?" nikauliza.

"Wakigusana na jirani, wanajua kazi imeisha."

"Basi wana adabu kutushinda."

"Kabisa, Papa. Sasa niache nikule."

Sasa mkishajua hayo, mtaelewa habari ya Mama Vumilia, ambaye mguu wake ulinizeesha kuliko kazi zote za msituni.

Mama Vumilia alikuwa mwanamke wa kule juu kwenye malisho. Mumewe alikuwa mbali akitafuta maisha, na yeye ndiye aliyeteremsha maziwa ya ng'ombe wa nyumba hiyo kila asubuhi kwa mguu, bidoni, yaani dumu, mgongoni, hadi barabarani. Maziwa hayateremki yenyewe. Asipoteremka yeye, yanaganda juu huko, na watoto wake wanarudishwa kutoka shule. Siku moja alipata lifti ya pikipiki akiwa na bidoni mbili, akashukia upande wa bomba la moshi, na shavu la mguu likabandikwa kwenye chuma cha moto. Mnalijua kovu hilo, nusu ya abiria wa Masisi wanalo. Kwa kawaida linapona. La kwake halikupona.

Alipofika kwetu, mvua ya msimu mzima ilikuwa imepita, na kidonda kilikuwa kipana kama kiganja, kingo zake ngumu, rangi ya kijivu, harufu ya kufungia mlango. Esperansi alimchoma sindano ya pepopunda, akaosha, akachungulia kwa muda mrefu. Kisha akamwambia bila kuzunguka, "Mama, ikishuka tena kidogo itafika kwa mushipa na mufupa. Ikifika kule, napashwa kukutuma kwa hopitali kubwa, na kule wataongea habari ya kukata."

"Kukata nini?"

"Muguu."

Mama Vumilia akautazama mguu kama mtu anayetazama ng'ombe aliyeingia shamba la jirani. "Na maziwa itashuka na nini? Na kitako?"

Tukaanza kazi. Barabara ilikuwa imefungwa tena, kwa sababu zile zile zinazoifunga barabara yetu kila mara, na kitambaa chenye mafuta cha kufunikia majeraha ya moto kiliisha. Basi tukatumia jani la mgomba. Vijana mnacheka. Chekeni, halafu andikeni: jani changa, laini, lisilopasuka, linaoshwa, linachemshwa, linapoa ndani ya chombo safi, linawekwa upande unaong'aa ukigusa kidonda, bandeji juu yake. Halikauki, halinati. Ukilitoa, mgonjwa hata hashtuki, wakati kitambaa kikavu kinang'oka na kazi yote ya usiku, na mgonjwa anakutajia majina ya ukoo wako. Chembe zinatambaa juu ya unyevu. Ukizikausha kama samaki, zitatambaa wapi?

Alikuwa anarudi kwetu mara kwa mara, na kila alipokuja kidonda kilikuwa kimerudi kule tulikoanza. Mara cheusi, mara kina mafuta ya kuvunda, mara kina unga wa vidonge vya rangi mbili, umekauka juu kama saruji. Mimi nilimtuhumu ng'ombe. Esperansi alimtuhumu nzi. Mwishowe nikapanda kilima mwenyewe kwenda kuona, kwa sababu mtu aliyeacha shule ana faida moja: hana haya ya kwenda kuchungulia.

Niliwakuta wageni. Jamani, wageni! Kule juu, mtu akiugua hutembelewa, na hilo ni jema. Lakini anayekuja mikono mitupu anasemwa hadi wajukuu wake. Kwa hiyo kila mmoja anakuja na dawa, na dawa haiwekwi kabatini kwa heshima. Inapakwa papo hapo, mbele ya mwenye kuileta, ili aone imepokelewa. Kabla ya kupaka, ya mgeni aliyetangulia inakwanguliwa kwa kijiko. Mama mkwe wake, Mama Adela, ndiye aliyekuwa anashika kijiko.

Nilifika wakati wa zamu ya Papa Bauma, mwimbishaji wa kwaya, mjomba wa mume. Alikuwa amepasua betri ya redio na kuuchanganya ule unga mweusi na maji.

"Papa Bauma," nikasema, "hiyo ni ya redio."

"Njo maana ina nguvu. Redio yenye imekufa inafufuka. Nyama ya muntu itashinda namna gani?"

"Na jana alipakwa nini?"

Mama Adela akajibu kwa fahari, "Jana siagi ya zamani na majani. Juzi mavi ya ng'ombe mutamba, mubichi kabisa. Hatumuache mugonjwa wetu vile vile, Papa Safari. Sisi tunamupenda."

Sikuwa na shaka juu ya upendo. Ulikuwa unaonekana umetanda mguu mzima.

Nikajaribu kueleza. Nikasema ndani ya mguu huo kuna watu wadogo wanaopeana habari, na kila kijiko kinapopita kinaua wajumbe, na kazi inaanza upya kwenye vita. Nikasema kidonda hiki kila siku kinasikia "pigeni, pigeni", hakijawahi kusikia "jengeni". Walinisikiliza kwa makini sana, kisha Mama Adela akauliza kama nimekula.

Nikasema basi wasiguse tu. Hapo uso wake ukafungika. "Nimufukuze mjomba na dawa yake mukononi? Kesho wataimba kama mimi njo naroga muke wa mutoto wangu, nataka akufe. Wewe uko mutu wa msituni, haujue mambo ya hapa."

Alisema kweli. Kwetu Kibua, marehemu babu yangu alipokatwa na waya wa mtego alijifungia nyumba ya nyuma, akakataza macho ya watu hadi alipopona. Nilimdharau kwa ushamba huo. Siku hiyo juu kilimani nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Nilimweleza Esperansi, akakaa chini. Akamwita Mama Vumilia na kumwambia apange kulala kituoni. "Na ng'ombe zitakamuliwa na nani? Na wageni si watanifuata hapa?" Kweli, wawili walikuwa wamekwisha kumfuata; mmoja alikuwa ukumbini na kopo. Kisha Mama Vumilia akanyoosha mguu wa pili, ule mzima, akautazama.

"Huu iko inafanya nini?" akauliza. "Si iko bure? Watie huku."

"Mama, huo hauna kidonda," nikasema.

"Njo vizuri. Hautasumbuka."

"Na watakubali?"

"Papa Safari, kichwa ikikuuma wanakupiga sindano wapi?"

Nikajigusa kitako bila kutaka. Esperansi akacheka hadi akajifuta machozi kwa kona ya koti lake, kisha akakumbuka kwamba ni mkuu wa kituo. "Mimi sikusikia kitu," akasema. "Lakini kama ningesikia, ningesema ufunge kitambaa nene kwanza, juu ya ngozi."

Na wakakubali! Nilikuwepo. Mama Vumilia alikaa kama malkia, mguu mgonjwa umefungwa na kuinuliwa juu ya mto chini ya blanketi, mguu mzima umenyooshwa mbele kama sahani ya sadaka. Papa Bauma alikunja uso: "Lakini ugonjwa si iko kule?"

"Ule umeshiba dawa, mjomba. Peana kwa ndugu yake, atamupelekea."

"Hm."

"Mjomba, malaria inakuwaka kwa matako, kwenye wanapiga sindano?"

Papa Bauma akafikiri. Akapaka. Akaondoka ameridhika, akiimba.

Ninyi mtasema ni uongo, na kwamba mhudumu wa afya hapaswi. Ni kweli, hapaswi. Mkipata njia bora zaidi ya kumzuia mjomba, niletewe habari kwa pikipiki.

Mguu mgonjwa sasa ulikuwa na nafasi ya kuongea. Mimi nilikuwa napanda kilima na majani yangu yaliyochemshwa, maji ya chumvi yaliyopoa, natoa, naosha taratibu kwa kumimina, nafunika, nafunga bandeji kwa kukaza kidogo kuanzia vidoleni kwenda juu, naondoka. Nilimwambia anywe maziwa kabla ya kuyauza, kwa sababu wajenzi hawajengi kwa nyimbo. Ule ukijivu ukaondoka. Zile punje za mtama zikajaza shimo. Halafu asubuhi moja nikaona ukingoni utepe mwembamba, rangi ya waridi, unang'aa kidogo kama utando wa maziwa yaliyopoa. Ngozi! Ilikuwa inatambaa. Nilikaa pale nautazama mpaka Mama Vumilia akaniuliza kama nasali.

Lakini mguu wa pili, jamani. Kitambaa kinene kililowa. Unga wa betri haukuona sababu ya kusimama mlangoni. Siku Mama Vumilia alipoanza kulala kwa ubavu mmoja, tulijua. Esperansi akapanda nami, akamwita Mama Adela ndani, akafunga mlango, akafungua miguu yote miwili juu ya mkeka mmoja.

Mguu mmoja ulikuwa umejaa nyama safi, kidonda kimepungua nusu yake. Mwingine ulikuwa na malengelenge, ngozi imechubuka kwa vipande kama ndizi iliyochomwa vibaya.

"Huu wenye umeharibika njo ulikuwa na kidonda?" Mama Adela akauliza.

"Hapana, mama," akasema Esperansi. "Huo ulikuwa muzima kabisa. Njo huo mulikuwa munaweka dawa."

"Na huu?"

"Huu hakuna mutu aligusa. Ila Papa Safari na majani yake."

Mama Adela akainama. Akagusa kijiko kilichokuwa pembeni, akakirudisha. Kisha akamwangalia mke wa mwanawe usoni. "Ulikuwa unasikia maumivu na unanyamaza?"

"Ulikuwa unafurahi, mama. Ningesema nini?"

Mama Adela akachukua kigoda chake, akakitoa nje, akaketi mlangoni. Alihamia hapo. Papa Bauma alipotokea na kifurushi kipya, nilikuwa ndani nafunga bandeji, nikasikia yote.

"Nimeleta yenye nguvu zaidi, ya betri ya moto kabisa, ya gari."

"Asante, mjomba. Kaa. Paka kwa muguu yako kwanza, tuone juma mbili."

"Mimi? Lakini mimi sina kidonda!"

"Njo vizuri. Hata yeye hakukuwa nayo kwa muguu ile."

Kigoda kile kiliponya kuliko mimi. Siwezi kukiandikia cheti, lakini ninyi mnaopenda mafunzo, andikeni: dawa ya kwanza ya kidonda sugu ni kujua ni nani wanaokigusa. Mtu akija na kidonda kisichofunga, msianze kumlaumu kwa uchafu. Muulizeni anakula nini, kama ana sukari, kama mguu umevimba, na nani alikuja kumsalimia jana. Na mkiona wekundu unapanda juu kama moto wa nyika, homa, harufu inayobadilika, msikae mkinukuu Papa Safari. Mkimbizeni kwa muuguzi.

Mguu mzima ulipona haraka, kwa kuwa haukuwa mgonjwa, ulikuwa umependwa tu. Mguu wa bomba ulichukua muda. Kingo zilitambaa, zikakaribiana, zikabaki na kijishimo kidogo kama jicho la mtoto anayesinzia, kisha zikagusana. Zikasimama. Esperansi akapitisha kidole juu ya ngozi hiyo mpya, nyembamba, na hakusema lolote kuhusu hospitali kubwa. Mama Vumilia akabeba bidoni siku chache baadaye, tukamkataza, akabeba.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kutoa shukrani, nami nikapanda kwenda kusikiliza, nikitumaini mtu atataja majani ya mgomba. Sikutajwa. Hakuna aliyetaja walaji wakubwa, wala wajenzi, wala wale waliotambaa gizani bila chakula cha wageni. Mama Vumilia alimshukuru Mungu, kisha kwa adabu ya kwao akawashukuru wote waliomtembelea na kumletea dawa, mmoja mmoja kwa jina. Kila aliyetajwa aliinua kichwa. Papa Bauma alikohoa kwa unyenyekevu na kugeuka ili watu wa nyuma nao wamwone. Kama mngekuwapo mngeapa kwamba mguu ule uliponywa na betri.

Mchungaji akauliza kama kuna mwingine wa familia mwenye neno. Mama Adela akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akageuka polepole akitazama benchi kwa benchi.

"Mimi," akasema, "nashukuru sana wale hawakukuya, walibakiaka kwabo."